Mkono Mfupi wa Gia

Pikapu ya Land Cruiser ina mikono miwili ya gia. Ule mrefu ni wa kila dakika, na katika magari mengi ya Garissa kichwa chake kimesuguliwa na viganja hata namba zimefutika. Wa pili ni mfupi, umesimama ubavuni mwa mwenzake, na maandishi yake bado yanasomeka vizuri: H2, H4, L4. Yanasomeka kwa sababu hauguswi mara nyingi. Abiria akipanda Nairobi, akapita Thika na Mwingi, akavuka daraja la Tana na kushuka Garissa mjini, atakuwa amekaa kando ya mkono huo safari nzima asiuone ukisogezwa hata mara moja.

Lami ikiisha mambo hugeuka. Kwenye njia za Balambala, Fafi, Hulugho na vijiji vya Wajir kusini, dereva hupimwa kwa mkono ule mfupi. Wala hapimwi kama anajua kuuvuta, maana kila kijana aliyewahi kushika beleshi nyuma ya pikapu anajua kuuvuta. Anapimwa kwa wakati. Dereva wa kawaida huweka L4 gari likishazama. Aliyebobea huiweka gari likiwa bado juu ya ardhi ngumu isiyo na neno, mita hamsini kabla ya mahali ambapo mwenzake ataanza kuchimba. Hizo mita hamsini ndizo ninazotaka kuzisifu.

Tuanze na chuma chenyewe. Injini inayojulikana zaidi kwenye pikapu hizi ni ya dizeli, 1HZ, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, haina taibo, na Toyota waliitoa mwaka 1990. Kwa vipimo vya leo si injini ya kutisha: nguvu zake ni za farasi 130 hivi, na mzigo ukiwa mzito husikika ikilalamika. Sifa yake ni uvumilivu. Inavumilia joto, vumbi, dizeli ya mapipa na mafundi wa kila aina. Nguvu zake hutoka kwenye giaboksi na kuingia katika kisanduku cha pili, na kisanduku hicho ndicho kinachoamriwa na mkono mfupi. Ukiwa H2, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiwa H4, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, mwendo ukabaki uleule. Ukiwa L4, magurudumu yote manne yanavuta, lakini nguvu zinapitishwa kwanza kwenye meno mengine yanayopunguza mzunguko kwa takribani mara mbili na nusu. Kilichotolewa kwenye mwendo kinarudishwa kwenye msukumo kwa kadiri ileile. Gia ya kwanza ya L4, bila kugusa mafuta, gari linatambaa kiasi kwamba mtembea kwa miguu hulipita bila kuharakisha.

Wengi husikia neno nguvu wakaishia hapo, ndiyo sababu unayakuta magari yamezikwa hadi chesisi na mkono mfupi uko palepale L4. Nguvu zikizidi mshiko wa tairi hazisukumi gari, zinachimba. Kitu anachokitafuta dereva mzuri kwenye L4 ni utiifu: akigusa mafuta kidogo, gari lisogee kidogo, akiachia, lipungue lenyewe bila breki. Gari lililo kwenye gia kubwa hurukaruka kati ya kuzimika na kukurupuka. Kwenye gia hizi ndogo linasikia mguu.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni mwalimu mkali wa somo hili kwa kuwa ardhi yake si ya aina moja. Kuzunguka Garissa na kuelekea Dadaab ni mchanga mwekundu, mlaini, uliosagwa na malori. Ukiteremka kusini, Ijara na Hulugho, unakutana na udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na mvua ikinyesha hunata usiachie. Wajir ni mawe ya chokaa chini na mchanga mweupe juu. Magharibi mwa Mandera, kule Takaba na Banissa, ni vilima na majabali. Na kila mahali, zikizikata njia, ziko laga: mito ya mchanga iliyo mikavu karibu mwaka mzima, ambayo mvua za masika, gu, au za vuli, deyr, zikifika hujaa kwa saa chache na kumfanya kila mtu asimame upande aliko. L4 ni ileile kote huko, lakini anayeijua kwenye mchanga bado hajaijua kwenye tope.

Mchanga ndio somo refu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza ni upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa kwa ajili ya lami na mzigo, pauni 40 au zaidi, huukata mchanga badala ya kuukanyaga. Dereva huishusha hadi pauni 20 hivi, ikalala, unyayo wake ukarefuka, na mara nyingi hilo peke yake linaifanya H4 itoshe. Halafu ni saa. Mchanga wa alfajiri, wenye ubaridi na unyevu kidogo, hubeba gari. Mchanga huohuo saa nane mchana, katika joto la Garissa ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, umelegea na kumeza. Pikapu zinazoleta maziwa ya ngamia mjini zina sababu zao za kuondoka mapema, maziwa yasiharibike, lakini madereva wake watakwambia kwamba hata wangebeba mawe wangeondoka saa ileile.

Kisha ndiyo gia, na hapa ndipo watu wengi hupotea. L4 si gia moja. Ni gia tano kamili, na ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote kwenye mchanga: msukumo wake ni mkubwa mno, tairi huzunguka kabla gari halijaondoka, na kila mzunguko unalishusha chini. Mzoefu huondoka kwa ya pili, klachi ikiachiwa polepole, akaingia ya tatu, na njia ikimruhusu akaingia ya nne. Atakuwa anakwenda kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na injini iko kwenye mizunguko elfu mbili na kitu, pale 1HZ inapovuta vizuri kuliko mahali pengine popote.

Mtu atauliza: kilomita 30 kwa saa si hata H4 inaweza? Inaweza. Gia ya nne ya L4 na ya pili ya H4 zinakaribia kabisa kwenda mwendo mmoja. Tofauti iko chini yake. Aliye H4 gia ya pili ana gia moja tu ya akiba, na kati ya hizo mbili kuna pengo kubwa. Mchanga ukizidi kina kidogo, tani ya unga na sukari nyuma ikaanza kumvuta, injini isiyo na taibo ikakosa pumzi, itambidi akanyage klachi ateremke hadi ya kwanza, na katika kitambo hicho kifupi cha klachi mchanga unakuwa umelishika gari. Aliye L4 gia ya nne ana ya tatu, ya pili na ya kwanza zimepangana chini yake, hatua fupi fupi. Anashuka moja, gari haligundui. Sijui kipande kingine cha elimu ya udereva kilicho kizuri kama hiki, na sijaona chuo kinachokifundisha Garissa wala Nairobi; kinarithiwa kiti cha mbele, kijana akitazama mkono wa mkubwa wake.

Hata kusimama kuna adabu yake. Breki kwenye mchanga hujenga tuta mbele ya kila tairi, na kuondoka tena ni kulipanda tuta hilo. Kwa hiyo dereva huachia mafuta tu, gari lijichokee lenyewe, na huchagua mahali pa kulichokesha: pagumu, au palipoinama kidogo kuelekea anakokwenda. Ukimwona amepita kivuli kizuri akasimama juani, usimlaumu.

Laga ndiyo inayokusanya mitihani yote mahali pamoja. Upande huu ukingo unashuka ghafla, katikati ni mchanga wa mto ulio mzito kuliko wa njia, upande wa pili ukingo unapanda na umekwanguliwa na kila aliyetangulia. Kwenye njia ya Balambala niliwahi kuketi kando ya dereva wa makamo aliyebeba mabati, magunia ya sukari na watu juu ya magunia. Alisimama mbali kabisa na ukingo, juu ya ardhi ngumu. Akashuka, akatembea hadi ndani ya laga, akaupiga mchanga kwa kisigino sehemu tatu nne, akazitazama alama za tairi za waliopita kabla yake, akarudi bila haraka.

“Abti, si uipige tu?” kijana mmoja alisema kutoka juu ya magunia, akimwita mjomba kwa Kisomali. “Jana Canter imepita hapa.”

“Imepita wapi? Hebu shuka ukaone ilipochimbwa.”

Kijana akashuka, na wengine wote wakashushwa pia. Hilo nalo lina maana: watu walioketi juu kabisa huinua kitovu cha uzito wa gari, na ukingo ukiwa mshazari gari linalala ubavu. Taniboi, msaidizi wa dereva, akaenda kwenye magurudumu ya mbele kufunga habu. Vikombe hivyo vilivyo katikati ya gurudumu vina alama mbili, FREE na LOCK. Visipozungushwa hadi LOCK, ekseli ya mbele inazunguka peke yake na gurudumu halina habari. Dereva akakanyaga klachi, akauvuta mkono mfupi hadi L4, akasogea hatua chache kujaribu kama meno yameshika. Ndipo akateremka ukingo kwa gia ya kwanza, nyayo zake zote mbili zikiwa sakafuni.

Hiyo miguu iliyotulia ndiyo niliyoitazama zaidi ya kitu kingine. Kuweka breki kwenye mteremko wa mchanga ni kuzifunga tairi za mbele. Tairi iliyofungwa haisikii usukani, na nyuma ya gari huanza kutaka kutangulia. Kukanyaga klachi ni vibaya zaidi, maana umelifungua gari kutoka kwenye injini na mteremko ndio utakaoendesha. Kuacha kila kitu na kuamini mizunguko ya injini ilishike gari ni kazi ya moyo kuliko ya mguu. Silika yote inakwambia kanyaga breki. Chini, pale kisigino chake kilipokuwa kimekuta pagumu, akaingia ya pili, akaukata mchanga kwa mstari mmoja usiopinda, akapanda upande wa pili bila injini kubadili sauti. Muda mwingi wa kuvuka laga ile ulitumika gari likiwa limesimama. Yule kijana wa Canter alirudi juu ya magunia bila la kusema.

Tope ni habari nyingine, na hapa nakosana na wanaoifanya L4 kuwa dawa ya kila homa. Udongo mweusi wa Ijara hujaza meno ya tairi kwa mizunguko michache, na tairi yenye meno yaliyojaa ni laini sawasawa na kipara chake cha uzeeni. Ukiwa L4 gia ya kwanza, unaizungusha hapo hapo mpaka difu inakaa juu ya ardhi, na difu ikishakaa, magurudumu manne hayana tofauti na mawili. Tope linataka mwendo kidogo, ili tairi irushe uchafu na gari libebwe na kasi yake. Wapo madereva wanaoapa kwa H4 gia ya pili, na wapo wanaoapa kwa L4 gia ya tatu. Nimewasikia wakibishana mpaka chai ya maziwa ya ngamia ikapoa mbele yao. Mimi nawapa kura wa L4, kwa sababu moja: urefu wa tope la Ijara haujulikani mpaka umelimaliza, na anayeingia na gia za akiba ana neno la pili la kusema.

Lakini waliobobea kabisa kwenye udongo ule wana jibu la tatu, nalo ni kutoingia. Mvua ikichanganya, vijiji vya Hulugho na Sangailu hukatika. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mvua za El Niño, barabara nyingi za kaunti ya Garissa hazikupitika hata kwa magari makubwa. Dereva aliyelala Masalani usiku kadhaa akingoja jua liukaushe uso wa udongo uweze kubeba tairi, simhesabu kuwa alishindwa na njia. Alitumia ujuzi uleule wa mita hamsini, ila yeye aliutumia kilomita hamsini kabla.

Maji yanaitaka akili hiyo kwa ukali zaidi, maana kosa lake halichimbwi kwa beleshi. Ubaya wa laga ni kwamba maji yake hayaji na mvua yako. Ewaso Nyiro unaanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, unakuja kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein. Tana wenyewe hufurika Garissa mabwawa ya Seven Forks yakijaa huko juu, hata kama mjini anga ni jeupe. Hivyo dereva anaweza kuona laga kavu asubuhi na kuikuta imejaa jioni pasipo tone kuanguka. Mwezi Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa na mafuriko kwenye barabara kuu ya kwenda Garissa, ndani ya kaunti ya Tana River, na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa. Ile ilikuwa barabara ya lami. Hakuna gia inayobishana na maji yanayokwenda.

Kwa maji yaliyotulia kuna utaratibu, nao ni mzuri kuutazama. Taniboi hutangulia na fimbo, suruali imekunjwa, akipapasa mashimo. Maji yakimfika goti, mazungumzo yanaanza. Yakimfika paja, watu wengi hukaa chini wakachemsha chai. Mbele ya radieta hufungwa turubai ili feni isije ikarusha maji juu ya injini. Gia ni ya pili ya L4, nayo haibadilishwi mpaka ng'ambo, kwa kuwa klachi ikikanyagwa ndani ya maji inaweza kunywa. Mwendo ni ule wa kusukuma wimbi dogo mbele ya bampa na kulifuata, bila kulipita wala kuliacha litangulie. Ukifika ng'ambo, unagusagusa breki zikauke kabla hujazihitaji.

Mawe ya Banissa sitayaeleza sana, maana huko L4 haina ubishi: gia ya kwanza, mafuta kidogo, tairi ikanyage jiwe badala ya kulipitisha katikati. Anayelipitisha katikati analipitisha chini ya difu, na dereva wa Mandera anajua kwa kichwa difu yake ya mbele imening'inia upande gani.

Sifa za barabarani huku kaskazini huwaendea zaidi madereva wa miraa. Mzigo wao hutoka Maua, Meru, nao hupoteza thamani kwa saa, kwa hiyo wanakimbia, na hadithi zao ni za kukimbia: nani alifika Wajir saa ngapi, nani alimpita nani. Siwanyimi haki yao. Kuendesha vile usiku kwenye njia ya mashimo si kazi ya mtu mzembe. Ila kwa ladha yangu fundi ni yule anayebeba maji. Kiangazi kikiuma, pikapu hufungwa tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo ni tani nzima, na tani hiyo haikai. Ukiongeza mafuta ghafla inarudi nyuma na kuinua pua ya gari. Ukifunga breki inakuja mbele na kukusukuma mteremkoni. Ukikata kona inachelewa kisha inafika kwa nguvu. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa pomoni. Mbebaji wa maji huweka L4 mahali ambapo mwenye mzigo wa kawaida asingefikiria, kwenye tuta dogo, kwenye kijikingo cha kimo cha goti, kwa sababu anatafuta ile hali ambayo maji hayasikii kama gari limeanza kwenda. Akifika kijijini na kifuniko kikavu, hapigiwi makofi na mtu. Ni hivyohivyo kwa dereva wa ambulensi anayemtoa mama mwenye uchungu Hulugho kumpeleka hospitali: huyo ana haraka kuliko wa miraa, naye hawezi kuitumia.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya magari huliandika nusu. Ili kuingiza L4 lazima gari lisimame, au liwe karibu kusimama. H4 unaweza kuivuta ukiwa unatembea, L4 hapana. Na kusimama si jambo jepesi kwenye njia zote za huku. Zipo sehemu, hasa karibu na mpaka wa Somalia, ambapo magari huenda kwa msafara na kusindikizwa na polisi, na dereva hapendi kuonekana amesimama kichakani akizungusha habu. Kwa hiyo habu hufungwa alfajiri, mbele ya hoteli au kituo cha polisi, na hukaa LOCK siku nzima. Gari litakula dizeli kidogo zaidi, basi. Na mahali pa kuvutia L4 hupangwa mapema, kwa kukumbuka njia: baada ya kisima kile, kabla ya kile kichaka cha mathenge. Mathenge wenyewe, mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, umeongeza sababu nyingine ya kujua unapokanyaga. Mwiba wake hupenya tairi, na tairi iliyopunguzwa upepo ubavu wake uko wazi zaidi.

Kutoka nako kunahitaji kumbukumbu. Mfumo huu hauna difu ya katikati, kwa hiyo mbele na nyuma zimefungwa kuzunguka sawasawa hata kwenye kona, ambapo tairi za mbele hutaka kwenda mbali kuliko za nyuma. Juu ya mchanga tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Juu ya lami hazitelezi, na ule mkazo unajikusanya kwenye shafti na meno ya kisanduku mpaka mkono mfupi ukagoma kutoka. Utawaona madereva wanaoingia Garissa wakisimama lami inapoanzia, wakarudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, mkazo ukaachia, mkono ukarudi H2 kwa kidole kimoja. Asiyejua huuvuta kwa mikono miwili na kutukana.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Land Cruiser. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, tayari ilikuwa na gia hizi ndogo za ziada, ingawa gari la BJ la Toyota la mwaka 1951 bado halikuwa nazo. Kinachobadilika ni namna ya kuzifikia. Hilux za mashirika na za serikali zimeondoa mkono zikaweka kitufe cha kuzungusha, na mwezi Agosti 2023 Toyota walionyesha Land Cruiser 70 yenye injini ya lita 2.8 na gia za otomatiki. Siyalilii mambo ya kale; otomatiki ya kisasa kwenye mchanga inaondoa lile tatizo la klachi nililolieleza, na hilo si dogo. Lakini kitufe hakikwambii kitu. Mkono ulisema kwa kiganja kwamba meno yameshika au bado. Kitufe kina taa inayometameta, na nimeona watu wakiondoka ikiwa bado inametameta, wakidhani wako L4 nao hawako.

Lami pia inakuja. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za barabara ya kutoka Isiolo kupitia Modogashe, Wajir, El Wak na Rhamu hadi Mandera. Itakapokamilika, sehemu kubwa ya safari iliyokuwa ya siku itakuwa ya saa, na watu wa huku wameingoja barabara hiyo tangu uhuru. Ila barabara kuu hupita mahali pamoja, na visima, malisho na shule viko kila mahali. Kutoka kwenye lami mpya hadi kwenye boma la mtu bado kuna mchanga wake, na laga yake moja au mbili.

Mvua zikiisha kazi huhamia kwenye gereji. Gari lililovuka maji msimu mzima huletwa likaguliwe chini, kwa sababu difu iliyochemka safarini kisha ikatumbukizwa kwenye maji baridi huvuta maji kupitia kwenye sili, na oili iliyochanganyika na maji hula beringi bila kelele mpaka siku ya kuvunjika. Fundi huteleza chini ya gari na spana yake, lakini kabla hajagusa nati ya kwanza humwuliza dereva maji yalifika wapi. Dereva huonyesha kwa mkono mguuni mwake. Akionyesha chini ya goti, zinafunguliwa habu na beringi za magurudumu. Akionyesha juu ya goti, zinamwagwa oili za difu zote mbili. Akionyesha paja, kinafunguliwa na kisanduku cha mkono mfupi, na fundi huinua kichwa kumtazama usoni.